Saoirse ni Uhuru: kuyasoma majina ya Kiayalandi bila kupitia kwa Mwingereza

Dada yangu mdogo ameolewa Cork, kusini mwa Ayalandi. Mimba yake ilipofika mwezi wa saba alitutumia, kwenye kundi la WhatsApp la familia, majina sita ambayo yeye na mumewe walikuwa wakiyapima endapo mtoto angekuwa wa kike: Saoirse, Caoimhe, Sadhbh, Fiadh, Áine, Róisín. Mama yuko Tanga, na kila anachokisoma hukisoma kwa sauti. Akajibu kwa kurekodi. "Sa-o-i-ri-se," alianza taratibu, kama mtu anayepanda ngazi gizani. "Ka-o-im-he." Alipofika Sadhbh akanyamaza, tukawa tunasikia kuku wa jirani tu, kisha akauliza: "Mwanangu, haya ni majina au namba za siri za benki?"

Tulicheka sana, lakini swali lilinikaa. Nikaanza kuyafukua majina haya moja baada ya jingine, nikimsumbua shemeji kwa simu karibu kila jioni. Nilichokikuta kilinishangaza: maandishi ya Kiayalandi yana sheria, na sheria zenyewe zinafuatwa kuliko zile za Kiingereza. Ukishazijua chache, majina mengi yanafunguka yenyewe. Shida yetu ni kwamba Mswahili akikutana na jina kama Niamh hulipitisha kwanza kwenye Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kigeni aliyochapiwa fimbo shuleni, na katika njia hii Mwingereza ni kiongozi asiyejua kijiji. Bora umwache mlangoni uingie na Kiswahili chako. Utaona kwamba kinywa cha mtu wa pwani kina sauti kadhaa za Kiayalandi ambazo Mwingereza hana kabisa.

Herufi chache, sauti nyingi

Kiayalandi kwa asili kina herufi 18 tu. Hakina j, k, q, v, w, x, y wala z, isipokuwa katika maneno ya kukopa. Herufi za Kilatini zilifika kisiwani pamoja na Ukristo, katika karne ya 5, zikakuta lugha yenye sauti nyingi kuliko herufi. Karibu kila konsonanti ya Kiayalandi ina sura mbili. Wenyewe huziita pana na nyembamba. Sura pana hutamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma, na sura nyembamba hutamkwa ulimi ukiwa umeinuka kuelekea kaakaa, kama vile kuna y ndogo imejificha ndani yake. Sisi tunayo tofauti hiyo kwenye n: sema "nama", kisha sema "nyama". Ulimi wako umetoka kwenye n pana ukaenda kwenye n nyembamba.

Kiswahili kimelitatua jambo hili kwa kuongeza y. Waayalandi walifanya vingine. Wao waliamua kwamba vokali za jirani ndizo zitakazoonyesha konsonanti ni ya aina gani. Ikipakana na e au i, ni nyembamba. Ikipakana na a, o au u, ni pana. Na kwa kuwa konsonanti iliyo katikati ya neno ina jirani kulia na jirani kushoto, majirani hao hawaruhusiwi kupingana. Watoto wa shule huko hukaririshwa: caol le caol agus leathan le leathan, nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana. Ndiyo sababu majina yao yanaonekana kujaa vokali kama dagaa kwenye pakacha. Nyingi kati ya hizo hazitamkwi. Zipo kama bendera za barabarani, kukuambia konsonanti inayofuata uipite vipi.

Herufi ambayo tofauti hii inasikika wazi zaidi ni s. S pana ni s ya "sahani". S nyembamba ni sh ya "shamba". Sasa lirudie jina lililomshinda mama. Saoirse lina s mbili. Ya kwanza inafuatwa na a, kwa hiyo ni s ya kawaida. Ya pili iko kati ya i, ng'ambo ya r, na e, kwa hiyo ni sh. Kilichobaki ni lile rundo la vokali, aoi, ambalo katika majina mengi husomeka kama ii ndefu. Weka pamoja: Siirsha. Hiyo a ya mwisho ni fupi na hafifu, haifunguki kama ya kwetu.

Ukishalijua rundo la aoi, umepata ufunguo wa chumba kizima. Aoife ni Iifa. Naoise ni Niisha. Laoise ni Liisha. Caoimhe ni Kiiva, na hapo ongeza jambo dogo lakini la lazima: c ya Kiayalandi siku zote ni k, hata ikifuatwa na e au i. Mwigizaji Cillian Murphy, mzaliwa wa Cork aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2024, ni Kilian, si Silian. Kwa sheria ileile ya s, Seán ni Shaan, Sinéad ni Shineed, Róisín ni Rooshiin, na Aisling ni Ashlin lenye g kidogo mkiani.

Ile h si h

Mtego mkubwa kwa Mswahili ni h. Sisi tuna sh, ch, th, dh, gh na kh, kila moja ina sauti yake na hatubahatishi. Tukiona dh tunasema dh ya "dhahabu". Ukifanya hivyo kwenye Sadhbh utang'ata ulimi.

Katika Kiayalandi h inayofuata konsonanti ni alama ya kulegeza. Inasema: konsonanti hii imelainika, usiigonge. Zamani hawakuandika h. Waliweka nukta juu ya herufi, na mwandiko wao wenyewe ulikuwa mzuri wa kutazama. Karne ya 20 walipohamia kwenye herufi za kawaida za uchapaji, nukta ikaondoka, h ikachukua nafasi yake, majina yakaongezeka urefu kwa siku moja. Kwa hiyo unapoona bh, soma b iliyolegea, na b ikilegea midomo haifungi tena, inakuwa v au w. M ikilegea, vilevile: v au w. Niamh ni Niiv, au Niav ukiitamka kwa utulivu. Siobhán ni Shivaan. T ikilegea inabaki pumzi tu, h: Cathal ni Kahal, Dáithí ni Daahii. F ikilegea inatoweka kabisa, haiachi hata alama ya mguu. Ndiyo maana Caoilfhionn, jina la herufi kumi na moja, ni Kiilin. Caol ni "mwembamba, mwenye umbo jepesi", fionn ni "mweupe wa nywele", na f iliyokuwa mwanzo wa neno la pili imelegea ikafa kwa sababu imeingia katikati ya jina.

D na g zikilegea katikati au mwishoni mwa neno mara nyingi huyeyuka na kuivuta vokali iliyotangulia. Adh inakuwa ai. Hapa shemeji alinifanyia mtihani mdogo. Aliniambia Tadhg hutamkwa Taig, kisha akaniuliza: "Sasa Sadhbh?" Nikahesabu kwa vidole. S pana. Adh ni ai. Bh ni v. Saiv. Nilijisikia kama mtoto aliyesoma kibao cha basi kwa mara ya kwanza.

Ahueni ipo kwa waliozaliwa pwani. Ch pana ya Kiayalandi ni ile kh ya Khamis na Khadija tunapoitamka kwa heshima zake. Sorcha ni Sorakha. Donnacha ni Donakha. Waingereza wengi huishia kusema k, kwa kuwa hawana sauti hiyo. Gh pana na dh pana zikianza neno hutoa gh ya "ghali" na "lugha", nayo pia Kiingereza hakina. Na n nyembamba, kama tulivyoona, ni ny. Mwanamuziki Enya amezaliwa Eithne Ní Bhraonáin, kule Gaoth Dobhair katika kaunti ya Donegal. Jina lake la jukwaani ni Eithne lilelile, limeandikwa tu jinsi linavyosikika: th imekufa, n imekuwa ny.

Umeona nilivyoweka a katikati ya r na kh katika Sorakha? Sikuichomeka mimi. Waayalandi hawapendi r au l igongane na baadhi ya konsonanti, basi huitia vokali ya kupumzikia bila kuiandika. Colm ni Kolum. Tabia hiyo wameihamishia hata kwenye Kiingereza chao, ambako wazee husema "filum" pale Mwingereza anaposema neno hilo kwa silabi moja. Sisi tumelifanya filamu. Kwa hili tungeweza kuitwa ndugu.

Mstari mdogo juu ya herufi

Ule mkwaju juu ya á, é, í, ó, ú unaitwa fada, maana yake "refu". Hauonyeshi mkazo. Unasema vokali ivutwe, kama tunavyotofautisha "kata" na "kaataa" ya mtu anayebembeleza. Mkazo katika Kiayalandi kwa kawaida huangukia silabi ya kwanza, isipokuwa kusini, katika jimbo la Munster, ambako vokali ndefu ya mbele huuvutia kwake. Ndiyo maana Oisín kwa mmoja ni O-shiin na kwa mwingine ni u-SHIIN.

Fada si pambo. Seán ni Yohana. Sean bila fada ni neno la kawaida lenye maana ya "mzee, kuukuu", na hutamkwa Shan. Séan, fada ikihamia herufi moja kushoto, ni kitenzi: "kana", kama Petro alivyokana. Kwa hiyo anayeacha fada kwa uvivu anaweza kuwa amemwita mtu Kuukuu.

Lahaja nazo zina neno lake. Shemeji, kwa kuwa ni mtu wa Cork, husema Kiiva, na rafiki yake wa kaskazini husema Kwiiva, na jina ni moja, Caoimhe. Á ya kusini na magharibi inaelekea kwenye oo, hivyo utasikia Shoon na Shivoon. Ya kaskazini iko wazi zaidi, Shaan. Katika sensa ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, lakini waliokitumia kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Maana yake wengi wenye majina haya wanayatamka kwa kinywa cha Kiingereza, na mabishano hayaishi hata Dublin kwenyewe. Mwigizaji Saoirse Ronan husema Sersha, wala si Siirsha, na hakuna anayeweza kumsahihisha mtu jina lake.

Jina linapoitwa

Kuna jambo ambalo vitabu vya majina hulisahau. Kwa Kiayalandi, jina likiitwa hubadilika. Unaweka a mbele, na konsonanti ya kwanza inalegea. Mama mwenye mtoto aitwaye Máire hatapaza sauti "Máire!" bali "a Mháire!", a-Waara. Dónall akiitwa ni "a Dhónaill", na hapo ndipo ile gh ya "ghali" inapotoka kooni: a-Ghoonil. Seán akiitwa anapoteza sh yote, anabaki na h: "a Sheáin", a-Hyaan, na n yake imekuwa ny. Kwetu pia jina hubadilika likiitwa kwa mbali, Hadija anakuwa "Dijaaa", lakini hilo ni pendo na uvivu, wala si sarufi.

Jirani zao wa Uskoti wana lugha dada yenye sheria hiyohiyo, na imezaa kituko. Seumas, yaani Yakobo, akiitwa huwa "a Sheumais", a-Heemish. Wageni walisikia watu wakiitwa hivyo, wakadhani ndilo jina lenyewe, likaenda duniani kama Hamish. Ni kama mzungu amsikie bibi akiita "Ewe Juma!" kisha akamwandike mtoto wake Ewejuma.

Majina yaliyofutwa, na gari la punda

Ukimuuliza Mwayalandi mzee kwa nini babu yake aliitwa Jeremiah, atakujibu kwamba nyumbani aliitwa Diarmaid. Chini ya utawala wa Waingereza majina ya Kiayalandi hayakutafsiriwa. Yalibadilishwa kwa majina yaliyofanana nayo kidogo kwa sauti, au hata hayakufanana. Diarmaid akawa Jeremiah. Tadhg akawa Timothy. Conchobhar akawa Cornelius, Donnchadh akawa Denis, Sadhbh akawa Sally, Gráinne akawa Grace. Karani aliandika alichokiweza, padri aliandika alichokizoea, na baada ya vizazi viwili watu wakawa na jina la daftarini na jina la jikoni. Msomaji aliyepewa jina la ubatizo akiwa darasa la kwanza, huku shangazi akiendelea kumwita lile la ukoo, anajua ninachosema.

Mwaka 1893 kilianzishwa Dublin chama cha kufufua lugha, Conradh na Gaeilge, na majina yakaanza kurudi. Hayakurudi kwa ridhaa ya serikali. Sheria ya wakati huo ilitaka kila mkokoteni uandikwe jina la mwenyewe kwa herufi zinazosomeka. Mwaka 1905 mkulima na mtunzi wa nyimbo kutoka Donegal, Niall Mac Giolla Bhrighde, aliandika lake kwa Kiayalandi. Akatozwa faini, kwamba hayo si maandishi yanayosomeka. Aliyesimama kumtetea ni wakili kijana Patrick Pearse, ambaye baadaye alijiandika Pádraig, na ambaye Waingereza walimpiga risasi mwaka 1916 baada ya uasi wa Pasaka. Kesi walishindwa. Kila ninapoona mtu akicheka Sadhbh kwamba "halisomeki", namkumbuka mwenye mkokoteni.

Jina lake lenyewe lina somo. Mac ni mwana wa. Giolla ni mtumishi. Bhrighde ni Bríd, yaani Mtakatifu Brigid. Mwana wa mtumishi wa Brigid. Zamani Waayalandi waliona ni utovu wa adabu kumpa mtoto jina la mtakatifu mkubwa moja kwa moja, kwa hiyo walimwita mtumishi wake: Giolla Phádraig, mtumishi wa Patrick. Hadi leo jina Muire ni la Bikira Maria peke yake, na binti wa kawaida aliyepewa jina hilo ni Máire. Mtu wa Mombasa au Unguja anayemwita mwanawe Abdallah hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na majina ya ukoo yanafuata bin na binti. Mwanamume ni Mac au Ó, na Ó ni mjukuu au mzao. Binti ni Nic au Ní. Enya ni Ní Bhraonáin, lakini baba yake alikuwa Ó Braonáin. Jinsi Siti alivyokuwa binti Saad ndivyo Waayalandi wanavyoandikana mpaka leo wakitumia lugha yao. Ile alama ya koma juu katika majina kama O'Brien si yao. Ni fada ya Ó ambayo mwandishi wa Kiingereza hakujua aiweke wapi.

Wenyewe mlikwisha kuyachukua

Nilipomwambia mama kwamba majina haya si mageni Afrika Mashariki, hakuniamini. Nikamwambia ahesabu akina Kevin wa Nairobi. Kevin ni Caoimhín, Kiiviin, linatokana na caomh, "mpole, mpendwa", shina lilelile la Caoimhe. Lilikuwa jina la mtawa wa karne ya 6 aliyejenga makao yake Glendalough, kaunti ya Wicklow. Katika kaunti hiyo alizaliwa mwaka 1875 Teresa Kearney, aliyeingia utawa akaitwa Mother Kevin, akafika Uganda mwaka 1903 na kufanya kazi Nsambya. Waganda walimwita Mama Kevina. Brian, ambaye Kenya imejaa vilevile, ni jina la mfalme Brian Bóruma aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Sheila ni Síle. Maureen ni Máirín, "Maria mdogo". Kila mwenye rafiki aitwaye Maureen huko Kisumu ameshatamka Kiayalandi maisha yake yote.

Hiyo -ín ya mwisho ni ki- na ka- yetu ya kudogosha, imehamia mkiani. Rós ni waridi, Róisín ni kawaridi. Os ni paa, Oisín ni kapaa. Na -án ni vivyo hivyo: rón ni sili wa baharini, Rónán ni mtoto wake. Ciar ni weusi, Ciarán ni kaeusi, jambo ambalo shemeji alilieleza kwa tahadhari sana mpaka dada akamwambia asiwe na wasiwasi.

Usidhani pia kila jina lenye sura ngumu ni la asili. Seán, Siobhán na Sinéad yaliingia na Wanormani, waliofika kuanzia mwaka 1169 wakizungumza Kifaransa. Ni Jean, Jehanne na Jeannette. Kiayalandi hakikuwa na j, kikatumia s nyembamba. Kwa hiyo Seán, Yohana na Yahya ni mtu mmoja aliyepita bandari tatu. Yaliyo ya kale kabisa ni ya hadithi: Niamh wa nywele za dhahabu aliyemchukua Oisín hadi nchi ya ujana, akakaa huko akidhani ni miaka mitatu kumbe ni mia tatu. Deirdre, kisa chake ni msiba mtupu, lakini watu bado huwapa binti zao jina lake. Nilipomshangaa shemeji, akanijibu kwamba dada alishamwambia nyumbani tuna akina Tabu, Shida na Mashaka.

Saoirse lina umri mdogo kuliko yote. Ni neno la kawaida, maana yake uhuru, na halikuwa jina la mtu hadi karne ya 20, Ayalandi ilipokuwa ikijikomboa. Kenya ilifanya vilevile, na mmoja wa waliopewa jina hilo, aliyezaliwa mwaka 1961, alikuja kuwa rais.

Mtihani wa masikio mawili

Kuchagua sasa. Kwa ndoa iliyovuka bahari, kulisoma jina sawasawa ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kulisikiliza kwa masikio ya pande zote mbili, na hapa ndipo orodha ya dada ilipopukutika.

Fiadh lilikuwa jina lililoongoza kwa watoto wa kike Ayalandi mwaka 2021. Linahusiana na neno la pori na kulungu, ni zuri, na dh yake imeyeyuka: Fia. Mama aliposikia tu alisema, "Aka! Nimwite mtoto 'fia'? Afie wapi?" Likaishia hapo. Áine, jina la malkia wa hadithi, hutamkwa Aanye. Jisemee mwenyewe mara mbili, kisha fikiria mtoto huyo darasani Tanga. Dada alilifuta kabla mama hajalisikia. Úna lingekuwa na nafuu, ila kila anayelitaja angeulizwa: una nini?

Niamh na Sadhbh yana kasoro nyingine, huishia kwa v, na kinywa cha Kiswahili hakikubali kumaliza neno bila vokali. Bibi angesema Nivu na Saivu. Mimi sioni ubaya wowote, kwani nasi tuna Kevini na Braiani na hakuna aliyelalamika. Lakini mzazi aamue mapema kama atavumilia, maana kumsahihisha bibi miaka yote ni kazi ya bure. Caoimhe ndilo lililomponza shemeji mwenyewe: mama yake alisema Kiiva, dada alishazoea Kwiiva kutoka kwa wenzake kazini, na wakashindwa kuafikiana nani apige simu kwanza. Saoirse nililipigia debe mimi. Dada alisema katika wodi ile peke yake kuna wawili.

Desturi ya mababu ingeweza kuwaamulia. Ayalandi ya zamani mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike la bibi mzaa mama. Mkikuyu atatabasamu, kwani kwao binti wa kwanza ni wa bibi mzaa baba, na hapo ndipo ugomvi ungeanzia. Kwao dada hakukuwa na ugomvi, mama alisema jina lake lilishachoka.

Likabaki Róisín. Nikamtumia mama nimelirekodi: Rooshiin. Akasikiliza. "Roshani?" akauliza. "Mnampa mtoto jina la baraza ya ghorofani?" Nikamweleza maana yake, kwamba ni waridi dogo. Akakaa kimya, halafu akasema hilo anaweza kulibeba.

Sheria ya huko inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi mitatu. Dada alikwenda na karatasi ameiandika kwa mkono wake, fada mbili, moja juu ya o na moja juu ya i ya pili, na akamsimamia karani mpaka zote mbili zikaonekana. Cheti kilitoka sawasawa. Kompyuta ya kliniki moja ndiyo iliyoshindwa, ikachapa R?is?n, na kwa wiki nzima shemeji alimwita binti yake Alama za Kuuliza.

Nilikuwa na swali moja la mwisho kwake: je, jina hili likiitwa hubadilikaje? Akasema r ni miongoni mwa herufi chache zisizolegea. Utasema "a Róisín" na halitabadilika hata chembe. Mama hahitaji kulijua hilo. Yeye kwenye simu huita "Waridi wee", na mtoto hugeuka.